Bi Salama na Chombo Kisichogusa

Jina lake la kweli limo kwenye faili la utumishi, na anayelitaka na akalitafute huko, maana pale redioni hakuna aliyelitumia kwa miaka kumi na saba. Wote walimwita Bi Salama. Ni jina alilojipa mwenyewe bila kujua, kwa kulitamka kila asubuhi.

Asubuhi yake ilikuwa hivi. Saa moja kasorobo anafika, anabadilisha viatu, anavaa sweta hata kama nje kunaungua, kisha anafungua mlango wa chuma wa chumba cha seva kwa ufunguo unaoning'inia shingoni mwake. Ndani kuna baridi ya kiyoyozi na mngurumo usiokoma. Anazipitia taa za seva ya bekapu, ile ya nakala za akiba, moja baada ya nyingine, kwa kidole, midomo ikihesabu. Anaandika kwenye daftari. Halafu anatoka na kuikata korido taratibu, kama bibi harusi, na milango inaanza kumwuliza.

"Bi Salama, vipi bekapu?"

"Salama!"

"Sauti zetu zimelalaje?"

"Salama, zinakoroma mpaka sasa."

Mtayarishaji wa vipindi vya watoto alikuwa na birika lake la chai, na kikombe cha pili kilikuwa cha Bi Salama. Mkuu wa kituo, mtu asiyemsalimia hata fundi wa jenereta, alikuwa akitoa kichwa mlangoni asikie lile neno ndipo arudi kwenye karatasi zake. Cheo cha mwanamke huyu kilikuwa kidogo, karani wa hifadhi basi. Lakini kwa nusu saa kila asubuhi kituo kizima kilimsubiri yeye ndipo kipumue. Mtu akionjeshwa utamu huo kwa miaka kumi na saba, usimwambie kwamba sukari ina madhara.

Alianza kazi akiwa mtunza kanda. Kanda zilipoanza kuliwa na unyevu, sauti zikahamishiwa kwenye kompyuta, naye akapelekwa mafunzoni wiki tatu, akarudi na ufunguo, neno la siri na ile sweta. Seva ya bekapu ilikuwa kabati jeusi lenye diski ishirini na nne. Diski sita sita zilifungwa pamoja zikawa ghala moja, kwa hiyo maghala yalikuwa manne. Ghala la namna hiyo si kama mafiga, ambayo likitoka moja chungu kinalala. Diski moja ikifa, tano zilizobaki zinaubeba mzigo wake mpaka iletwe mpya. Zikitoka mbili kwa mpigo, ndipo ghala linajifunga, na vilivyomo ndani unaweza kuviaga.

Ghala la tatu ndilo lililobeba sauti za zamani: miaka arobaini ya hadithi za watoto, mahojiano, vichekesho, watu waliokwisha kuzikwa wakicheka kwa nguvu. Zilitakiwa ziwe nakala tu. Lakini seva kuu ilipojaa, wakubwa waliziondoa huko "kwa muda", na muda huo ulikuwa umefikisha miaka sita. Nakala ndiyo ilikuwa imebaki peke yake duniani, na aliyeikalia kama kuku anavyokalia mayai alikuwa Bi Salama.

Kisha akaja Miwani.

Jina hilo naye alipewa na Bi Salama, siku ya kwanza, na halikutolewa kwa mapenzi. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye miwani mizito na tabia ya kusikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado kwenye miezi sita ya majaribio. Mwezi wake wa pili pale, Bi Salama alikwenda likizo kumlea bintiye aliyejifungua, na ufunguo akaenda nao shingoni. Mkuu alimpigia simu mara tisa kuuliza hali ya seva. Bi Salama alizihesabu simu zile kwa raha, mtoto mchanga begani, akimwambia bintiye, "Unaona? Bila mimi hawalali."

Aliporudi, Miwani alimfuata mezani kwake.

"Mama, pole na safari, na hongera ya mjukuu. Nimetengeneza kitu kidogo, nakiita Chungulia. Kinaisoma seva ya bekapu kila robo saa, halafu kinaonyesha hali ya maghala kwenye kompyuta ya kila mtu. Naomba unifungulie ruhusa. Ya kusoma tu, ya kuandika siitaki."

"Kinagusa nini?"

"Hakigusi kitu. Hakifuti, hakiandiki, hakirekebishi. Hata kikitaka hakiwezi, nimekinyima mikono."

"Na kitu kisicho na mikono kina faida gani?"

"Kina macho, Mama."

Bi Salama alitoa ruhusa, kwa sababu Mkuu alikwisha kukubali, na alibonyeza kibodi kana kwamba kila herufi imemtukana. Kipya kinyemi ingawa kidonda, alijiambia. Watakichoka.

Hawakukichoka. Asubuhi ya tatu alipita koridoni na sweta yake na hakuna mlango uliomwuliza kitu. Wamwulize nini? Kwenye pembe ya kila skrini kulikuwa na vijisanduku vinne vya kijani, kimoja kwa kila ghala. Alisimama mwenyewe mbele ya mtayarishaji wa vipindi vya watoto na kusema, bila kuulizwa, "Salama."

"Tumeona, Bi Salama," alijibu yule bila kuinua kichwa. "Kijani tupu."

Tumeona! Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku hiyohiyo alimkuta Miwani amekaa kwa mtayarishaji huyo, anakunywa chai kwenye kikombe kile cha pili, na wanacheka. Wanacheka nini? Alipita mara tatu na faili tupu mkononi ili asikie, akaambulia kwamba wanamcheka mtoto wa Miwani, ambaye amekula chaki shuleni. Hilo nalo lilimuuma. Angekuwa anasengenywa angalau angekuwemo kwenye mazungumzo.

Tusizunguke mbuyu: ulikuwa wivu. Mwenyewe aliuita wasiwasi wa kikazi, lakini wasiwasi wa kikazi haumfanyi mtu wa miaka hamsini na mbili ahesabu ni wangapi wamemsalimia mwenzake kabla yake. Alikula kiapo kwamba Chungulia haitafunguliwa kwenye kompyuta yake hata siku moja. Na barua za Miwani, zile fupi fupi zilizokuwa zikiingia kwenye kompyuta na jina lake juu, aliziacha zikirundikana bila kuzifungua. Kama ana neno, ana miguu.

Nyumbani mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kuongea huku amebana pini mdomoni. Jioni moja alimsikiliza mpaka akamaliza, akazitoa pini zote, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Leo tena Miwani?"

"Nani kamtaja?"

"Umemtaja mara kumi na moja, na supu haijapoa. Mke wangu, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda."

"Sikondi mimi."

"Naona. Hili gauni lako ndilo nalipanua hapa."

Alimrushia kitambaa, lakini alicheka kidogo. Mume akaendelea, safari hii kwa upole.

"Watu walipoanza kununua nguo zilizoshonwa tayari, nililala kitandani wiki nzima. Unakumbuka. Halafu nikaanza kuwapunguzia viuno vya nguo hizohizo. Huyo adui yako amekukosea nini hasa?"

Bi Salama alifikiri. Alitafuta kosa moja, hata dogo, akalikosa.

"Ni mwema," alisema, na machozi yakamlenga. "Angekuwa mbaya ningejua la kumfanya."

Maji yalizidi unga kwenye mkutano wa Jumatatu. Mkuu alitangaza kwamba Miwani atakwenda kwenye semina kubwa ya vituo vya redio akaonyeshe Chungulia. Akaongeza, huku anatabasamu na wala hakukusudia ubaya, "Zamani tulikuwa tunamsubiri mtu mmoja atuambie kama tuko salama. Sasa tunaona wenyewe." Watu wakapiga makofi. Bi Salama naye alipiga, viganja vikiwaka moto. Mtu mmoja! Yaani hata jina la utani amekosa.

Usiku ule nyumbani hakumtaja Miwani hata mara moja. Asubuhi akaenda kazini na mpango.

Ulikuwa mpango mdogo na, kwa hesabu zake, usio na hatari. Chungulia huisoma seva kila robo saa, hivyo akichomoa diski moja mara tu baada ya saa nne na nusu, chombo kitabaki kinasema kijani karibu dakika kumi na tatu huku diski iko mkononi mwake. Atatoka nayo koridoni, aisimamishe mbele ya kila mlango na kusema: haya, angalieni kijani chenu. Kisha atairudisha, na ghala halitadhurika, maana ghala huvumilia diski moja. Alichagua ghala la tatu kwa sababu ndilo linaloheshimiwa kuliko yote. Kama ni kumwaibisha mtu, mwaibishe mbele ya wazee.

Alichokuwa hajui kilikuwa kinajulikana na kila mtu. Kijisanduku cha ghala la tatu kilikuwa njano tangu jana mchana. Diski namba mbili ilikuwa inakufa, na tano zilizobaki zilikuwa zimekwisha kuubeba mzigo wake. Taa yake ya mbele iliendelea kuwa kijani kwa sababu taa ile husema tu kwamba umeme upo, haisemi kama diski ina afya, na kidole cha Bi Salama kilikuwa kimeipita asubuhi na kuandika salama. Mtayarishaji aliiona njano. Mtangazaji wa zamu aliiona. Mkuu aliiona. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kila mmoja alidhani Bi Salama ndiye wa kwanza kujua.

Saa nne na dakika thelathini na mbili alibonyeza kitasa cha diski namba tano na kuivuta.

Mngurumo ulipungua. Hakuutarajia ule ukimya mdogo. Skrini ya seva ikaandika kwamba ghala la tatu limejifunga. Aliitazama ile diski mkononi mwake, akaitazama skrini, akairudisha upesi mahali pake, na taa yake ikawaka kijani kizuri kabisa. Ghala halikufunguka. Alijaribu amri aliyoijua. Likakataa. Akajaribu tena, sweta imeloa jasho kwenye baridi ile. Likakataa.

Saa tano kasorobo Chungulia ilisoma seva na korido nzima ikaona nyekundu. Milango ilifunguka kwa pamoja. Miwani alifika akikimbia, nyuma yake Mkuu, nyuma yao mtayarishaji na birika bado mkononi.

"Namba mbili tulijua," alisema Miwani akisoma skrini. "Lakini tano imepotea. Imepoteaje? Jana ilikuwa nzima."

"Nani amegusa hapa?" Mkuu aliuliza.

Ndipo mtayarishaji akasema lililokuwa vichwani mwa wengi. "Jamani, miaka kumi na saba seva hii haijaanguka. Kimekuja chombo kipya, hata miezi miwili haijaisha, imeanguka. Mimi si fundi, nauliza tu."

Mkuu alimgeukia Bi Salama. Wote walimgeukia. "Wewe ndiye unayeijua seva hii kuliko sisi sote. Ni hicho chombo?"

Haya basi, wamemwuliza. Walikuwa wamesimama mlangoni kama zamani, kimya, wakingoja neno moja kutoka kinywani mwake, na hata katika hofu ile aliusikia ule utamu ukimpanda kifuani. Alijua kwamba Chungulia haina mikono. Alijua mikono ilikuwa ya nani.

"Inawezekana," alisema.

"Mama," alisema Miwani taratibu, "hakiwezi. Wewe mwenyewe ulikipa ruhusa ya kusoma tu."

"Nimesema inawezekana. Sijasema ndicho."

Mkuu hakuhitaji zaidi. Aliagiza Chungulia izimwe kwenye kompyuta zote. Akamwambia Miwani aandike maelezo kabla ya jioni, na kwamba suala la majaribio yake litaangaliwa upya. Kisha akauliza kama ghala linaweza kufufuliwa.

Miwani alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Ingekuwa tano imetikisika tu mahali pake, ningelilazimisha ghala lifunguke kwa kuiamini. Lakini kama imekufa yenyewe, nikilazimisha itaharibu hata zile nne nzima. Mimi naona mbili zimekufa, Mkuu. Ghala lenye mbili zilizokufa halifunguki."

"Basi likazikwe. Nakala za leo zinakosa pa kwenda, maghala mengine yamejaa. Zifute hizo nne, tuanzishe ghala dogo la muda."

"Nipe nusu saa nijiandae," alisema Miwani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Bi Salama alirudi mezani kwake akakaa. Alikuwa ameshinda. Nusu saa tu, na Chungulia itakuwa hadithi, Miwani atarudi alikotoka, korido itakuwa yake tena. Alijaribu kufurahi na furaha haikuja. Miaka arobaini ya sauti! Kanda zile alizifuta vumbi kwa mikono yake, aliwajua wale watu kwa vikohozi vyao. Ili asiangalie saa, aliangalia kompyuta, na kwenye kompyuta kulikuwa na barua ya Miwani ya jana, haijafunguliwa. Aliifungua.

"Mama, diski namba mbili ya ghala la tatu ni mgonjwa. Taa inadanganya. Nimeagiza mpya, itafika Alhamisi. Mimi ningependa ghala hilo lisiguswe kabisa mpaka hapo, lakini wewe ndiye mwenye seva na umekaa nayo miaka mingi. Wewe unaonaje tufanye?"

Alisoma mstari wa mwisho mara tatu. Akarudi nyuma kwenye barua nyingine, na nyingine. Zilikuwa kumi na nne, na karibu zote zilimalizika hivyohivyo: Mama, wewe unaonaje? Kwa wiki zote hizo alikuwa akiulizwa. Alikuwa amekaa juu ya maswali yake akilia kwamba haulizwi.

Hakumbuki alivyoinuka. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, Mkuu amesimama ameshika kiuno, Miwani ameinama kwenye kibodi, kidole kinasubiri.

"Usifute."

Wakageuka.

"Namba tano haijafa," alisema. Mficha uchi hazai, basi na aseme yote. "Niliichomoa mimi. Kwa mkono huu. Ilikaa nje kama dakika mbili, nikairudisha. Ni nzima. Lazimisha ghala, litafunguka."

Miwani alimtazama mara moja tu, kisha akaugeukia mtambo, kwa sababu fundi mzuri humtibu mgonjwa kwanza. Aliizima seva, akaiwasha, akaandika amri ndefu, akasita, akabonyeza. Ule mngurumo ulirudi polepole. Kwenye skrini majina ya mafaili yakaanza kushuka, maelfu kwa maelfu, na mtayarishaji, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfukuza, alifunika mdomo kwa kiganja. Halafu akamkumbatia Miwani. Miwani, si mwingine. Na Bi Salama, aliyekuwa ametoka kujimaliza mwenyewe ili sauti zile zipone, alisikia kijiba cha roho kikimchoma kama siku ya kwanza.

"Kwa nini?" Mkuu aliuliza. "Miaka kumi na saba. Kwa nini?"

"Nilikuwa namwonea wivu," alijibu. "Nilitaka kuonyesha kwamba hakioni."

Mkuu alinyoosha mkono. Bi Salama alivua ule ufunguo shingoni, uzi ukakwama kwenye hereni, na ilibidi Miwani amsaidie kuukwamua. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na havikuwa na haraka. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Mkuu.

"Kesho utaripoti chumba cha kanda zilizooza. Nenda sasa."

Alikuwa amefika mlangoni Miwani aliposema, bila kugeuka, "Samahani, Mkuu, nina swali moja kwake. Mama, hii namba mbili niitoe sasa hivi, au nisubiri tano imalize kukaguliwa kwanza?"

Jibu lilikuwa kwenye skrini mbele ya pua yake. Mwanafunzi wa wiki tatu angelijua. Miwani alilijua, na Bi Salama alijua kwamba analijua, na alielewa kabisa kwamba mtu huyu, ambaye yeye nusura amfukuzishe kazi, anampa mbele ya watu kitu alichokuwa amekitamani. Hata wema huo alimwonea wivu. Yeye asingeuweza.

"Subiri tano ikaguliwe," alisema. "Ndipo uitoe mbili."

"Asante, Mama," alisema Miwani, na akasubiri.